Makaa ya Karibu au Makaa ya Mbali? Ulinganisho kwa Wanaochagua Mtambo wa Kufua Umeme

Nchi yenye makaa ya mawe katika ardhi yake haikosi kukutana na uamuzi huu: mitambo ya kufua umeme ihimizwe kutumia makaa yanayochimbwa hapohapo, hata yakiwa na salfa au majivu mengi, mradi ifungiwe vifaa vya kusafisha moshi, au iachwe inunue makaa yenye sifa bora kutoka mbali? Jimbo la Illinois nchini Marekani limehangaika na swali hilo kwa zaidi ya miaka arobaini, na Afrika Kusini imelijibu kwa mitambo miwili mikubwa ambayo kila Mwafrika anayefikiria makaa ya mawe angefaa kuitazama kwa makini. Kwetu, swali lingali wazi Ludewa na Mbinga upande wa Tanzania, na Kitui upande wa Kenya.

Nitazilinganisha njia hizo kwa uchafu unaotoka kwenye dohani, gharama, maji, ajira za wachimbaji na hewa ya ukaa. Sitavipa vigezo hivyo nafasi sawa, kwa kuwa havina uzito sawa. Msimamo wangu nautanguliza ili msomaji aupime anavyoendelea kusoma: makaa ya karibu yanayochomwa katika mtambo uliojengwa na vifaa vyake vya kusafishia tangu siku ya kwanza ni bora kuliko makaa ya mbali yanayosifiwa kuwa safi lakini yasiyosafishwa moshi wake. Sharti lake ni kwamba vifaa hivyo viwe vinafanya kazi kweli, na ni katika sharti hilo ambapo mipango mingi imeanguka.

Illinois na Wyoming: makaa mawili kando kwa kando

Makaa ya Illinois yametandazwa chini ya sehemu kubwa ya jimbo hilo, yana joto la kutosha, na yana kasoro moja kubwa ambayo ni salfa. Tani moja ya makaa hayo kwa kawaida hubeba kilo 25 hadi 35 za salfa, na kila kilo ya salfa ikiungua huzaa kilo 2 za dioksidi ya salfa, gesi inayochoma mapafu na kurudi ardhini kama mvua ya tindikali. Upande wa magharibi, katika bonde la mto Powder jimboni Wyoming, kuna makaa ya tabia tofauti kabisa. Tabaka zake zina unene wa mita 20 hadi 30 na ziko karibu na uso wa ardhi, kwa hiyo huchimbwa kwa mashine kubwa bila mtu kushuka chini; salfa yake ni ndogo sana, ila unyevu wake ni mwingi na joto lake ni pungufu.

| Kigezo | Makaa ya Illinois | Makaa ya Wyoming |
|---|---|---|
| Salfa katika tani moja | takriban kilo 30 | takriban kilo 3.5 |
| Joto katika kilo moja | takriban megajuli 26 | takriban megajuli 20 |
| Uchimbaji | sehemu kubwa chini ya ardhi | mgodi wa wazi |
| Safari hadi mtambo ulioko Illinois | fupi | reli, zaidi ya kilomita 1,500 |
| Dioksidi ya salfa kwa gigajuli ya joto, moshi usiposafishwa | kilo 2.3 | kilo 0.35 |
| Dioksidi hiyo moshi ukisafishwa kwa asilimia 95 | kilo 0.12 | kilo 0.02 |

Safu mbili za mwisho ni hesabu yangu kutokana na zile za juu, na ndizo zinazopaswa kumzuia mtu asiamue haraka. Makaa ya Wyoming yasiposafishwa hutoa dioksidi ya salfa mara tatu ya ile inayotoka katika makaa machafu ya Illinois yaliyosafishwa. Ni kweli kwamba makaa ya Wyoming yakisafishwa pia huwa masafi kuliko yote. Lakini mtambo ambao umekwisha kulipia vifaa vya kusafisha hauna tena sababu kubwa ya kulipia treni za kuvuka nusu ya bara, hasa ukizingatia kwamba kila tani ya Illinois huhitaji takriban tani 1.3 za Wyoming ili joto lilingane.

Kazi ya kusafisha yenyewe si ya ajabu. Moshi hupitishwa katika mnara mkubwa ambamo hunyunyiziwa maji yaliyochanganywa na unga wa mawe ya chokaa. Dioksidi ya salfa hushikana na chokaa, hewa hupulizwa ndani yake, na kinachobaki ni jasi, ileile inayotumiwa katika saruji na mbao za dari. Mtambo unaochoma tani milioni moja za makaa yenye salfa ya asilimia 3 huhitaji karibu tani 94,000 za mawe ya chokaa na huacha tani 160,000 hivi za jasi kila mwaka. Palipo na kiwanda cha saruji jirani, jasi hiyo ni mali. Pasipo na soko lake, ni mlima wa taka unaokua kila mwezi, na mahesabu ya mradi yanapaswa kuuonyesha.

Sheria ilivyoamua soko

Marekebisho ya Sheria ya Hewa Safi ya Marekani ya mwaka 1977 yaliutaka kila mtambo mpya uondoe sehemu maalumu ya salfa bila kujali makaa yake yalikuwa safi kiasi gani tangu mgodini. Kwa wachimbaji wa Illinois huo ulikuwa msaada, kwa sababu makaa ya Wyoming yalipoteza faida yake: kama lazima usafishe, basi nunua ya karibu. Mwaka 1990 Bunge likabadili mwelekeo. Liliweka kikomo cha jumla cha dioksidi ya salfa kwa mitambo ya nchi nzima, likagawa vibali vya kuitoa, likaruhusu vibali hivyo viuzwe na kununuliwa, na kila mwenye mtambo akaachwa achague njia yake. Awamu ya kwanza ilianza 1995 na ya pili 2000.

Wengi walichagua njia nyepesi. Nauli za reli zilikuwa zimeshuka tangu sheria ya 1980 iliyolegeza udhibiti wa mashirika ya reli, kwa hiyo mitambo ya Illinois, mingine ikiwa karibu kabisa na migodi ya jimbo, ilianza kupokea treni kutoka Wyoming. Uzalishaji wa makaa ya Illinois ulikuwa takriban tani milioni 60 za Kimarekani mwaka 1990. Miaka ya mwanzo ya 2000 ulikuwa umeshuka hadi karibu nusu yake. Kwa nchi nzima mpango wa vibali ulifaulu, kwani dioksidi ya salfa ilipungua sana kwa gharama ndogo kuliko iliyotabiriwa. Lakini familia za kusini mwa Illinois zilizoishi kwa mgodi ziliubeba mzigo mkubwa wa mafanikio hayo, na mtu anayelinganisha njia hizi kwa kuangalia bei ya tani peke yake hatawaona watu hao popote katika jedwali lake.

Kilichofuata kinafundisha zaidi. Kanuni kali zaidi zilizotolewa kuanzia 2005 ziliwasukuma wenye mitambo wengi wa mashariki ya nchi kufunga vifaa vya kusafisha, na hapo makaa yenye salfa nyingi yakapata wanunuzi upya; kufikia 2014 uzalishaji wa Illinois ulikuwa umekaribia kiwango cha 1990. Wanunuzi hao, hata hivyo, wengi hawakuwa Illinois. Mitambo ya jimbo lenyewe iliendelea kwa sehemu kubwa kuchoma makaa ya Wyoming, na makaa ya Illinois yakapakiwa kwenda majimbo mengine na ng'ambo. Vifaa vya kusafisha ndivyo vilivyoyarudishia makaa hayo soko, na soko hilo lilikwenda popote vilipofungwa.

Je, kulazimisha kwa sheria kungesaidia? Kulijaribiwa. Oklahoma ilitunga sheria mwaka 1986 iliyoitaka mitambo yake ichome angalau asilimia 10 ya makaa yaliyochimbwa Oklahoma. Wyoming ikashtaki, na mwaka 1992 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta sheria hiyo kwa kuwa ilibagua bidhaa za majimbo mengine. Illinois nayo ilitunga sheria yake mwaka 1991 kwa ajili ya kulinda makaa ya nyumbani, na mahakama ya rufaa ikaitupilia mbali mwaka 1995 kwa sababu hiyohiyo. Nchi huru haifungwi na katiba ya Marekani, na Tanzania mwaka 2016 ilizuia makaa kutoka nje yasiingie ili viwanda, hasa vya saruji, vinunue ya mgodi wa Ngaka, wilayani Mbinga, na ya kwingineko nchini. Mgodi ulipata wateja, nao wateja wakalalamikia bei na ubora. Naona amri ya namna hiyo ina udhaifu ule uliokuwa nao ya Oklahoma: inataja makaa yatoke wapi na kunyamaza kuhusu kinachotoka kwenye dohani. Kikomo kikali cha moshi, kinachomhusu kila mtambo, huyapa makaa ya karibu nafasi ya kushinda kwa nauli yake ndogo, na wakati huohuo humlinda anayeishi chini ya upepo.

Mtambo kando ya mgodi: mfano wa Prairie State

Mfano ulio kamili zaidi wa makaa ya karibu yenye teknolojia safi uko kusini mwa Illinois kwenyewe. Prairie State, mtambo wa megawati 1,600 ulioanza kazi mwaka 2012, ulijengwa kando ya mgodi wake wa Lively Grove, na makaa huingia kwa mkanda bila lori wala behewa. Mvuke wake uko katika shinikizo la juu kupita kiwango ambacho maji huchemka, jambo linaloongeza ufanisi, na moshi wake hupita katika vifaa vya kuondoa salfa, oksidi za nitrojeni na vumbi kabla ya kufika hewani. Kwa upande wa salfa, ahadi ya teknolojia ilitimia.

Ahadi ya bei haikutimia. Gharama ya mradi ilipanda hadi karibu dola bilioni 5, mara mbili na zaidi ya makadirio ya awali, na miji midogo ya majimbo kadhaa iliyokuwa imesaini mikataba ya muda mrefu ikajikuta inalipa umeme kwa bei iliyozidi ya soko, kwa sababu gesi asilia ilikuwa imeshuka bei. Mtambo huo pia hutoa takriban tani milioni 12 za hewa ya ukaa kwa mwaka, na sheria ya Illinois ya mwaka 2021 imeutaka ufikie sifuri ifikapo 2045. Deni la mtambo wa makaa hulipwa kwa miaka thelathini au zaidi, na katika miaka hiyo sheria na bei hubadilika.

Kusile na Medupi

Kwa msomaji wa Afrika, huu ndio ulinganisho wenye uzito kuliko mingine yote, kwa sababu mitambo hii ni ya shirika moja, Eskom, imejengwa katika kipindi kimoja, ina ukubwa unaokaribiana wa megawati 4,800 hivi kila mmoja, na yote huchoma makaa ya nchini. Kusile, ulioko mkoa wa Mpumalanga, ulijengwa na vifaa vya kuondoa salfa tangu mwanzo, wa kwanza kuwa navyo katika mitambo ya Eskom. Medupi, ulioko karibu na Lephalale mkoani Limpopo na unaolishwa kwa mkanda kutoka mgodi wa Grootegeluk, ulijengwa kwa namna ya kuacha nafasi ya vifaa hivyo kufungwa baadaye.

Benki ya Dunia iliikopesha Afrika Kusini dola bilioni 3.75 mwaka 2010, sehemu kubwa ikiwa kwa ajili ya Medupi, na sharti la kufunga vifaa vya salfa likaandikwa katika makubaliano. Vitengo vyote sita vya Medupi vilikamilika mwaka 2021, na vifaa hivyo havikuwapo. Sababu zilizotajwa ni za kweli: fedha, na maji. Lephalale ni nchi kavu. Medupi wenyewe hupoozwa kwa hewa badala ya maji kwa sababu hiyo, ilhali kusafisha moshi kwa njia ya majimaji hudai maji mengi ambayo yangepaswa kuletwa kwa bomba kutoka mbali. Lakini sababu hizo zilijulikana kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Kuahirisha vifaa vya kusafisha ni kuamua kwamba watu wa mahali hapo watavuta salfa kwa muda usiojulikana, na uamuzi huo ungestahili kusemwa hivyo waziwazi mbele yao.

Kusile, uliofanya lililo sahihi, haukusalimika. Mwezi Oktoba 2022 sehemu ya njia ya moshi ya kitengo cha kwanza iliporomoka, vitengo vitatu vinavyotumia dohani moja vikazimika, na nchi iliyokuwa tayari katika mgawo mkali wa umeme ikapoteza zaidi ya megawati 2,000. Mwaka 2023 serikali ikaruhusu vitengo hivyo virudi kazini kwa madohani ya muda yaliyopita pembeni ya vifaa vya salfa. Simlaumu waziri aliyekuwa na taifa gizani. Naonyesha tu jinsi shinikizo la kutaka umeme linavyokuwa: penye upungufu, kifaa cha kusafisha huwa cha kwanza kutolewa kafara, hata kikiwa kimekwisha kununuliwa. Kwa hiyo mchaguzi anapaswa kuuliza pia nchi ina akiba kiasi gani ya umeme mwingine ili mtambo uweze kuzimwa vifaa vyake vinapoharibika. Nchi inayotegemea mtambo mmoja wa makaa kwa sehemu kubwa ya umeme wake haitaweza kuuzima.

Tanuri la mchanga, na kwa nini linaifaa Afrika Mashariki zaidi

Si lazima salfa isubiriwe kwenye dohani. Katika tanuri la aina nyingine, hewa hupulizwa kwa nguvu kutoka chini ili makaa yaliyopondwa, mchanga na chokaa viruke na kuzunguka pamoja, vikitokota kama uji mzito jikoni. Joto hukaa karibu nyuzi 850 za Selsiasi, chini sana ya lile la tanuri la kawaida, kwa hiyo oksidi za nitrojeni huwa chache, na chokaa hunasa salfa humohumo ndani. Tanuri hili hukubali makaa duni, yenye majivu mengi au yanayobadilikabadilika, ambayo tanuri la kawaida lingeyakataa, na halihitaji maji mengi ya kusafishia moshi. Mtambo wa Łagisza nchini Poland, wenye megawati 460 na ulioanza 2009, ulithibitisha kwamba teknolojia hii inaweza kuunganishwa na mvuke wa shinikizo la juu.

Upungufu wake ni majivu. Huwa mengi zaidi kwa sababu chokaa iliyotumika huchanganyika nayo, na viwanda vya saruji huyapokea kwa shida kuliko yale ya tanuri la kawaida. Upungufu mwingine ni ufundi. Botswana ilijenga mtambo wa Morupule B, megawati 600 katika vitengo vinne, kwa matanuri ya aina hii na kwa makaa ya mgodi wa jirani; ulipoingia kazini kuanzia 2012 ulikumbwa na hitilafu za matanuri mara kwa mara, na nchi ikalazimika kuendelea kununua umeme nje. Makaa yalikuwa ya nyumbani na teknolojia ilikuwa imechaguliwa vizuri. Ujenzi na matunzo ndivyo vilivyoshindwa. Anayechagua njia hii angefanya vyema kutafuta ushauri Palapye, karibu na mtambo huo, kabla ya kusikiliza ahadi za muuzaji.

Njia mbili za kuepuka kwa sasa

Kugeuza makaa kuwa gesi kabla ya kuyachoma hupendeza sana kwenye karatasi. Edwardsport, mtambo wa megawati 618 jimboni Indiana ulioanza 2013 kwa makaa ya jimbo hilo, ulikadiriwa kugharimu takriban dola bilioni 2 ukaishia karibu bilioni 3.5. Kemper huko Mississippi, uliokusudiwa kutumia makaa laini ya mgodi wa jirani na kunasa sehemu kubwa ya hewa ya ukaa, ulianza kwa makadirio ya chini ya dola bilioni 3, ukafikia bilioni 7.5 hivi, na mwaka 2017 mitambo ya kugeuza makaa ikaachwa. Kinachochomwa pale ni gesi asilia. Kampuni tajiri zenye mafundi wa kila namna zilishindwa. Siishauri serikali yoyote ya kanda yetu kuwa ya kujaribia.

Kunasa hewa ya ukaa baada ya kuchoma kumefanyika kweli. Kitengo cha tatu cha Boundary Dam katika mkoa wa Saskatchewan, Kanada, kinachotumia makaa ya machimbo ya hapo Estevan, kilianza kunasa mwaka 2014 kwa lengo la asilimia 90, kwa gharama ya dola za Kanada zinazokaribia bilioni 1.5 kwa mtambo wa megawati 110 hivi. Sehemu ya kaboni hiyo huuzwa kwa visima vya mafuta, na mapato hayo ndiyo yanayofanya hesabu isogee. Kusini mwa Tanzania hakuna visima vya mafuta vya kuinunua, na kunasa hula sehemu kubwa ya umeme wa mtambo wenyewe. Yeyote anayeuza mradi wa makaa kwa jina la teknolojia safi aulizwe kwanza safi ya nini. Vifaa vya chokaa huondoa salfa, vichujio vya mifuko huondoa vumbi kwa zaidi ya asilimia 99, lakini hewa ya ukaa hupita kama ilivyo. Shinikizo la juu la mvuke huipunguza tu, kutoka takriban gramu 950 kwa kila uniti ya umeme katika mtambo wa kizamani hadi takriban 750 katika ule bora kabisa, ilhali mtambo mzuri wa gesi asilia hutoa kati ya 350 na 400.

Ludewa, Mbinga, Kitui na Lamu

Mpango wa Mchuchuma, wilayani Ludewa, ulisainiwa mwaka 2011 kati ya Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, na kampuni ya Sichuan Hongda ya China. Ulikusudia megawati 600 kando ya mgodi, sehemu ya umeme ikienda katika kiwanda cha chuma cha Liganga. Mtambo wa ukubwa huo ukifanya kazi kwa asilimia 80 ya uwezo wake, kwa ufanisi wa asilimia 38, utahitaji kwa hesabu yangu takriban tani milioni 1.6 za makaa mazuri kwa mwaka. Makaa ya miamba ya Karoo, ambayo ndiyo ya kusini mwa Tanzania, kwa ujumla yana salfa kidogo na majivu mengi. Tuchukue majivu ya asilimia 20 kama kielelezo: hapo kuna zaidi ya tani 300,000 za majivu kila mwaka, katika milima inayoteremkia Ziwa Nyasa. Ndiyo maana kwa Ludewa swali la kwanza ni la vichujio vya vumbi na mahali pa kuweka majivu yasiyovujia maji ya ziwa, na salfa inafuata. Kuiga Illinois neno kwa neno kungekuwa kutibu ugonjwa wa mtu mwingine.

Hata hivyo salfa isisamehewe kwa kuwa ni kidogo. India, yenye makaa ya salfa ndogo na majivu mengi vilevile, ilitoa kanuni za kuondoa salfa mwaka 2015, ikasogeza tarehe ya mwisho mara kadhaa, na mwaka 2025 ikaisamehe mitambo mingi. Hoja iliyotumiwa ni hiyo ya salfa kidogo. Lakini asilimia 1 ya salfa katika tani milioni 1.6 ni takriban tani 32,000 za dioksidi yake kila mwaka, kutoka dohani moja, na tanuri la mchanga linaweza kunasa sehemu kubwa ya hizo kwa chokaa bila mnara wa ziada. Kwa makaa ya namna hii, kando ya mgodi, ningechagua tanuri hilo na vichujio vya mifuko.

Kuyasafirisha makaa ya Ngaka hadi mtambo wa Pwani ningekukataa. Tani milioni 1.6 kwa malori ya tani 30 ni karibu malori 150 yenye mzigo kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, katika barabara ya karibu kilomita 1,000. Tena Pwani tayari kuna gesi asilia ya Songo Songo, inayofua umeme tangu 2004, na ya Mnazi Bay, ambayo nayo ni nishati ya nyumbani na haina majivu. Makaa ya karibu yana maana pale tu yanapobaki karibu.

Mpango wa Lamu nchini Kenya ulikusanya kasoro za pande zote mbili. Mtambo wa megawati 1,050 ungejengwa Kwasasi na kuanza kwa makaa ya Afrika Kusini yaliyoletwa kwa meli, huku makaa ya bonde la Mui, Kitui, yakiahidiwa kuja baadaye. Kwa hiyo Kitui isingepata ajira kwa miaka kadhaa, Lamu, mji uliomo katika Urithi wa Dunia tangu 2001, ungepata moshi na maji ya moto baharini tangu mwaka wa kwanza, na Kenya ingelipa fedha za kigeni kwa kila meli. Tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Taifa la Mazingira, linaloamua mashauri ya mazingira nchini Kenya, lilifuta leseni ya mradi huo, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Niliuona kuwa uamuzi wa haki. Nchi yenye mvuke wa ardhini wa Olkaria haikuwa na ulazima wa kuanzia hapo.

Likibaki chaguo la makaa, basi nguvu yote ielekezwe katika mkataba wa kununua umeme, kwa sababu humo ndimo tabia ya mtambo inamoamuliwa. Mikataba ya aina hii kwa kawaida humlipa mwekezaji kwa uwezo ulio tayari kufua umeme, hata usipotumika. Iandikwe humo kwamba kitengo ambacho vichujio au mfumo wake wa chokaa haufanyi kazi hakihesabiwi kuwa tayari na hakilipwi, kwamba vipimo vya dohani hutangazwa kila siku katika ofisi ya kijiji na ya wilaya, na kwamba gharama ya kuhifadhi majivu na kufunga mgodi huwekwa katika mfuko tofauti kuanzia uniti ya kwanza inayouzwa. Mwekezaji anayekubali masharti hayo kabla ya kusaini anaweza kuzungumzwa naye habari za Mchuchuma. Anayeomba yaahirishwe hadi awamu ya pili anaomba kile ambacho Medupi ilipewa.